VirtualBox 7 kwenye laptopu za mtumba, Mtwara na Lindi: ikizima ghafla, anzia wapi?

Laptopu ya mtumba utakayopewa Mtwara mjini au Lindi, iwe ya dukani au iliyoagizwa Kariakoo ikaja na basi, mara nyingi ni HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470 au Lenovo ThinkPad T460. Nyingi ni Core i5 kizazi cha sita, RAM GB 8, SSD ya GB 256 kama una bahati. Tathmini hii inaipima VirtualBox, programu inayotengeneza kompyuta ya kubuni (mashine pepe) yenye mfumo wake ndani ya kompyuta yako, ikiwa kwenye laptopu za aina hiyo, kwa sababu ndizo anazotumia mwanafunzi anayejifunza mitandao na mhasibu wa chama cha msingi mwenye programu ya zamani isiyokubali Windows mpya.

Hukumu yetu ni hii: programu ni nzuri, ni ya bure, na asilimia kubwa ya lawama inazobebeshwa si zake. Lakini imekuja na mipangilio inayomfaa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Ukiiacha ilivyo ukaitumia huku kwetu, siku moja utawasha mashine pepe yako ukute haifunguki na kazi ya muhula mzima imo ndani. Mipangilio hiyo inabadilishika, na tutaonyesha namna.

VirtualBox ilitoka mwaka 2007 kwa kampuni ya Innotek ya Ujerumani, Sun Microsystems wakainunua 2008, na tangu 2010 iko chini ya Oracle. Programu yenyewe ni huria. Chenye masharti ni kifurushi cha nyongeza kinachoitwa Extension Pack: bure kwa matumizi binafsi na ya masomo, ofisi inapaswa kulipia. Kuanzia toleo la 7.0, USB 2 na USB 3 zimo kwenye programu yenyewe, kwa hiyo wengi hawahitaji kifurushi hicho tena. Ofisi zinazokipakia kwa mazoea zinajiingiza kwenye deni bila sababu.

Kabla ya kusakinisha kwenye Windows, weka kwanza Microsoft Visual C++ Redistributable ya 2019 au mpya zaidi. Bila hiyo kisakinishi cha toleo la 7 kinakataa kuendelea, na watu hudhani faili walilopakua limeharibika wanateketeza bando kulipakua upya.

Nini hasa kimekufa?

Fundi akiambiwa "VirtualBox inazima", swali lake la kwanza liwe: kimezima nini? Kuna mashine pepe inayogoma kuwaka kabisa. Kuna mashine pepe inayowaka, kisha inakufa peke yake huku Windows yako ikiendelea kama kawaida. Na kuna kompyuta nzima kuzima au kuleta kioo cha bluu. Hayo ni magonjwa matatu tofauti, na la tatu kwa kawaida halihusiani na VirtualBox. Hilo ni joto, RAM mbovu au umeme. Mashine pepe inaitumikisha prosesa kwa muda mrefu kuliko kuandika barua, kwa hiyo inafichua ubovu uliokuwapo siku zote. Feni iliyojaa vumbi na pesti ya prosesa iliyokauka zinaweza kuvumilia baridi ya Newala, lakini ukishuka nayo Lindi mjini saa nane mchana inasalimu amri. Safisha feni, badilisha pesti, pima RAM kwa MemTest86 usiku mzima, kisha ndipo urudi kwenye VirtualBox.

Inagoma kuwaka

Tangu toleo la 6.1 VirtualBox haiwezi kufanya kazi bila msaada wa prosesa, yaani VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD. Ukiona ujumbe wenye VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED, au VERR_SVM_DISABLED kwa AMD, maana yake msaada huo umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwenye HP bonyeza Esc halafu F10 wakati inawaka, nenda Advanced, System Options, weka alama kwenye Virtualization Technology. Kwenye Dell ni F2, tafuta Virtualization Support. Kwenye ThinkPad ni F1, Security, Virtualization. Hifadhi, kisha zima kabisa kompyuta, usiishie kuiwasha upya.

Hapa kuna mtego wa mtumba ambao muuzaji hatakuambia. Nyingi ya laptopu hizi zilikuwa mali ya ofisi za nje, na baadhi zinakuja na nywila ya BIOS iliyowekwa na mwenye mali wa kwanza. Ukikuta nywila hiyo na VT-x imezimwa, umenunua kompyuta isiyoweza kuendesha mashine pepe. Kabla hujatoa hela, ingia BIOS palepale dukani. Kama muuzaji ana haraka, fungua Task Manager, Performance, CPU, utafute neno Virtualization. Likiwa Enabled, uko salama.

Sasa tatizo linalowasumbua watu kuliko yote. VT-x imewashwa, mashine pepe inawaka, lakini inakwenda kwa kujivuta, inaganda, na baada ya dakika kadhaa inatoa dirisha la Guru Meditation, yaani kosa kubwa linaloisimamisha mashine pepe. Tazama chini kulia kwenye dirisha la mashine pepe. Ukiona alama ya kobe wa kijani, umepata jibu. Windows imekwisha kuichukua VT-x kwa ajili ya Hyper-V, mfumo wake yenyewe wa mashine pepe, na VirtualBox inalazimika kuomba huduma hiyo kwa kupitia Windows. Inafanya kazi, ila polepole, na ndipo migando mingi inapotokea. Kama njia hiyo ya kupitia Windows nayo haipo, haitawaka kabisa: utapata VERR_NEM_NOT_AVAILABLE au VERR_NEM_VM_CREATE_FAILED.

Watu hushangaa kwa sababu hawajawahi kuwasha Hyper-V. Hawahitaji kuiwasha. WSL2, Docker Desktop, Windows Sandbox, au ulinzi wa Windows unaoitwa Memory integrity, kila kimoja kinatosha kuileta. Kuitoa, fuata mpangilio huu bila kuruka.

Kwanza, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya data, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C: kisha nakili ile namba ndefu kwenye karatasi. Mabadiliko ya uwashaji yanaweza kuifanya Windows ikudai namba hiyo, na usipokuwa nayo data yako imekwenda.

Fungua Windows Security, Device security, Core isolation details, zima Memory integrity. Ni ulinzi wa kweli huo, kwa hiyo kwenye kompyuta ya ofisi inayoshika hela za watu usiuzime bila idhini ya mwenye ofisi. Kisha fungua "Turn Windows features on or off", ondoa alama kwenye Hyper-V, Virtual Machine Platform, Windows Hypervisor Platform na Windows Sandbox. Halafu, kwenye Command Prompt ya msimamizi:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off
shutdown /s /t 0

Amri ya pili ina sababu yake. Kuzima Windows kwa kitufe cha kawaida huwa ni nusu ya kuzima, kwa sababu Fast Startup inaihifadhi keneli, yaani kiini cha Windows, ilivyokuwa. Amri hiyo inazima kikweli. Ukiwasha tena, andika msinfo32 na usome mstari wa chini kabisa. Ukisema "A hypervisor has been detected", bado kuna kitu kinaishikilia, rudi kagua Memory integrity. Kobe akiondoka na mahali pake pakawa na alama ya kijisanduku chenye V, utaona tofauti ya kasi papo hapo. Jua tu kwamba WSL2 na Docker Desktop zitasimama. Ukizihitaji, rudisha vile vijenzi ulivyoviondolea alama, rudia amri ya kwanza ukiweka auto badala ya off, kisha uzime na kuwasha.

Soma kumbukumbu kabla ya kuomba msaada

Hiki ndicho kipengele tunachokisifia VirtualBox kwa moyo wote. Kila inapowaka inaandika kila kitu kwenye faili la VBox.log, ndani ya folda ya mashine pepe husika. Bonyeza kulia kwenye jina la mashine pepe, chagua Show Log. Kila ukiwasha upya, faili la zamani linasogezwa kuwa VBox.log.1, na yanatunzwa matatu tu ya nyuma. Mtu anayewasha na kuzima mara tano kwa hasira anakuwa ameufuta ushahidi wote. Nakili faili kwanza, hasira baadaye.

Faili ni refu na linatisha, lakini mistari michache inatosha. Karibu na mwanzo tafuta Host RAM. Utaona jumla ya RAM na kiasi kilichokuwa huru wakati mashine pepe inawaka. Kama kilichokuwa huru ni MB 1,900 na mashine pepe umeipa 4,096, huna haja ya kusoma zaidi. Tafuta HMR3Init. Ikifuatiwa na "Attempting fall back to NEM", ni yule kobe. Kisha nenda mwisho kabisa wa faili. Mashine pepe iliyofungwa kwa amani inaishia na mstari wa kubadili hali kwenda TERMINATED. Iliyopata ajali ya ndani inaandika GURU_MEDITATION, na chini yake sababu, mfano VINF_EM_TRIPLE_FAULT. Na kama faili limekatika tu katikati ya mambo, bila neno la kuaga, basi ilikatwa kutoka nje: umeme ulikwenda, au Windows iliiua programu yenyewe. Kwenye orodha hali yake huonekana Aborted.

Ukiona mistari mingi ya AHCI#0 ikitaja reset au canceled, itazame diski halisi ya kompyuta. VirtualBox iliomba kuandika, diski haikujibu kwa wakati. Kwenye hadidiski za zamani huo ni mwanzo wa kifo chake. Pima kwa CrystalDiskInfo, na ikionyesha Caution, hamisha data siku hiyohiyo.

RAM: usigawe usichokuwa nacho

RAM unayoipa mashine pepe ni RAM halisi, inatolewa kwa mwenyeji (mfumo wa kompyuta yako halisi) na haibaki kwake. Windows 10 na kivinjari chenye kurasa kadhaa vinakula GB 3 hadi 4. Kwenye GB 8 inabaki kidogo. Mpe mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) MB 3,072, ukifunga kila kitu unaweza kufika 4,096, usivuke hapo. Ubuntu ya kawaida yenye mapambo yote inataka GB 4, kwa hiyo kwenye laptopu hizi tunashauri Debian yenye Xfce au Lubuntu, zinatosheka na GB 2. Kwa masomo ya seva, Ubuntu Server isiyo na picha inakwenda vizuri na GB 1 hadi 2, na hapo unaweza kuwasha mbili kwa pamoja ukafanya mazoezi ya mtandao.

Prosesa nayo ina hesabu. Core i5-6300U ina viini viwili halisi, ingawa Windows itakuonyesha vinne. Mpe mgeni kimoja au viwili. Ukimpa vinne, mgeni na mwenyeji wanagombania mahali pamoja na kompyuta nzima inaganda mpaka kishale cha mausi.

Laptopu ya RAM GB 4 yenye hadidiski ya kuzunguka, isahau kwa kazi hii. Si VirtualBox itakayoifanya iende. Hela yako ipeleke kwanza kwenye SSD na RAM. EliteBook 840 G3 ina nafasi mbili za DDR4. ThinkPad T460 inatumia DDR3L, zisikuchanganye, hazibadilishani. Na Windows 11 kama mgeni ndani ya mashine ya GB 8, tunasema hapana: yenyewe inadai GB 4 za RAM na GB 64 za diski, ingawa VirtualBox 7 inaweza kuipa TPM (chipu ya usalama) ya kubuni inayoitaka.

Umeme

Hapa ndipo tunapoikosoa VirtualBox bila kuionea.

Mfumo wowote wa kisasa wa kompyuta, uwe Windows au Linux, unapoandika jambo la maana kwenye diski hutoa amri ya mwisho: usiniambie umemaliza mpaka iwe imeandikwa kikweli. Hiyo ndiyo inayofanya umeme ukikatika, mafaili yabaki na mpangilio unaoeleweka. Sasa, kwa kawaida yake, VirtualBox inaipokea amri hiyo kutoka kwa mgeni na kuipuuza, ili iende kasi. Jambo hili limeandikwa wazi kwenye mwongozo wake, ila wangapi wanausoma? Matokeo yake mgeni anaamini data imeshakaa, kumbe bado iko njiani. Umeme unakatika, betri ya mtumba haina dakika mbili, kompyuta inazima, na mfumo wa mafaili ndani ya mashine pepe unavurugika vibaya kuliko ambavyo ungevurugika kwenye kompyuta halisi.

Dawa ni amri moja. Zima mashine pepe, fungua Command Prompt, ingia folda ya VirtualBox, kisha uandike, ukiweka jina la mashine yako mahali pa Debian:

cd "C:\Program Files\Oracle\VirtualBox"
VBoxManage setextradata "Debian" "VBoxInternal/Devices/ahci/0/LUN#0/Config/IgnoreFlush" 0

Sifuri ya mwisho inamaanisha usipuuze tena. LUN#0 ni diski iliyo kwenye mlango wa kwanza wa SATA. Kama diski iko mlango wa pili, weka LUN#1. Kama mashine pepe ni ya zamani na diski yake iko kwenye IDE, badilisha ahci kuwa piix3ide. Gharama yake ni kasi: kusakinisha vifurushi na kusasisha Windows ya ndani kutachukua muda zaidi, hasa kwenye hadidiski. Kwenye SSD tofauti unaivumilia. Ukitaka kurudi ulikotoka, rudia amri bila ile sifuri. Tungependa kuona mpangilio huu ukiwa kitufe cha kubofya kwenye Settings, maana amri ndefu kiasi hicho humkimbiza mtu anayeihitaji kuliko wote.

Pamoja na hilo, ingia Settings, Storage, bofya kwenye kidhibiti cha SATA, na uhakikishe Use Host I/O Cache haina alama. Na kwa kompyuta ya mezani weka UPS ndogo. Hata ya 650VA inakupa dakika chache za kuchagua Save the machine state, na hilo linatosha.

Na kama umeme umeshakukatikia na mambo yameharibika, usifute chochote. Matatizo ni manne na kila moja lina njia yake.

Mashine pepe inaonekana Inaccessible na ujumbe unataja -102 au faili lisilopatikana. Fungua folda yake. Faili la mipangilio lenye mwisho wa .vbox litakuwa limepotea au lina ukubwa wa sifuri. Pembeni yake kuna lingine lenye mwisho wa .vbox-prev, ni nakala ya hali ya mwisho kabla. Funga VirtualBox, weka pembeni lile bovu, badilisha jina la nakala kuwa .vbox, fungua tena. Mara nyingi inarudi nzima.

Inakataa kurudi kutoka hali iliyohifadhiwa. Umeme ulikatika wakati inahifadhi. Bonyeza kulia, chagua Discard Saved State, iwake upya kama kompyuta iliyochomolewa. Unapoteza kilichokuwa wazi kwenye kioo tu.

Linux ya ndani inaishia kwenye kioo cheusi chenye neno (initramfs). Ujumbe wa juu yake utataja diski yenye kasoro, mfano /dev/sda2. Andika fsck -y /dev/sda2, subiri imalize, kisha exit. Kwa Windows ya ndani, acha ijirekebishe, au ingia kwenye ukarabati na uandike chkdsk C: /f.

Mipangilio imeharibika kabisa na hakuna nakala. Data yako bado imo kwenye faili la .vdi. Tengeneza mashine pepe mpya, na ikifika kwenye diski chagua kutumia faili la diski lililopo. Unapoondoa ile mbovu kwenye orodha, chagua Remove only. Delete all files ndiyo kitufe kilichomaliza kazi za watu wengi.

Diski inayonenepa

Diski ya kawaida ya VirtualBox inakua kadiri unavyoijaza, lakini haipungui ukifuta. Ukiiruhusu GB 50 kwenye SSD ya 256 iliyojaa video, siku moja mashine pepe itasimama katikati ya kazi ikitaja DrvVD_DISKFULL. Haijafa, imesimamishwa. Usiizime. Futa vitu kwa mwenyeji upate nafasi, kisha iruhusu iendelee. Snapshoti, yaani nakala za hali ya mashine pepe unazoweza kurudia, zinaongeza mzigo huu kimyakimya, kwa sababu kila moja ni faili jipya linalokua lenyewe. Mbili zinatosha. Na kufuta snapshoti kunahitaji nafasi ya muda, kwa hiyo usisubiri mpaka diski ijae ndipo uanze kufuta.

Kwa kuwa bando ni ghali, watu wengi wanagawana mashine pepe zilizo tayari kwa fleshi. Ni njia nzuri, ila fleshi nyingi zimefomatiwa FAT32 na haziwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4. Ifomati kwa exFAT. Na ukipokea nakala ya diski uliyonayo tayari, VirtualBox itakataa ikisema UUID hiyo, yaani namba ya utambulisho wa diski, ipo. Ipe nyingine:

VBoxManage internalcommands sethduuid "C:\Kazi\debian.vdi"

Faili la ISO (la kusakinishia mfumo) ulilopewa pia lipime kabla ya kulilaumu lolote. Andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya waliolitoa. ISO iliyokatika njiani inasababisha usakinishaji kufa kwenye asilimia ileile kila mara, dalili ambayo ukiijua huisahau.

Mengine kwa haraka

Kioo cheusi au mashine pepe kufa mara tu madirisha yanapotokea: zima 3D Acceleration kwenye Settings, Display. Kwa Linux tumia VMSVGA, kwa Windows VBoxSVGA, na kumbukumbu ya video iwe MB 128. Michoro ya 3D ndiyo sehemu dhaifu ya VirtualBox, na kwa prosesa hizi hakuna unachopoteza kwa kuizima. Guest Additions, draiva za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mgeni, ziwe za toleo lilelile la VirtualBox uliyo nayo.

"Error relaunching VirtualBox VM process" inaashiria antivirusi inayojipenyeza ndani ya VirtualBox, na VirtualBox inajilinda kwa kukataa. Fungua VBoxHardening.log, utaona jina la faili la DLL lililokataliwa na utajua ni la nani.

Toleo la 7 lina usakinishaji wa kujiendesha ambao unaleta usumbufu kuliko msaada. Windows inalalamika kwamba haioni Software License Terms, na Ubuntu inakuja na mtumiaji vboxuser asiye na ruhusa ya sudo na terminali isiyofunguka. Weka alama kwenye Skip Unattended Installation, sakinisha kwa mkono wako.

Wenye Linux kama mwenyeji: ujumbe wa "Kernel driver not installed" baada ya kusasisha unatibika kwa sudo /sbin/vboxconfig, na kama Secure Boot imewashwa lazima draiva ziwe na sahihi, la sivyo uizime kwenye BIOS. Kuanzia keneli ya 6.12, KVM, mfumo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, inaishika VT-x mara tu inapopakiwa, na VirtualBox inaweza kutoa VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Kwa muda andika sudo modprobe -r kvm_intel. Kwa kudumu ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mipangilio ya GRUB.

Alama, na mbadala wake

Kwa laptopu ya GB 8 yenye SSD, tunaipa VirtualBox nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopotea ni ya ule mpangilio wa umeme uliofichwa kwenye amri, na ya ujumbe wa makosa unaompa mtumiaji namba 0x80004005 bila kumwambia afanye nini.

Mshindani wake wa karibu ni VMware Workstation Pro, ambayo tangu Mei 2024 ni bure kwa matumizi binafsi, na tangu Novemba 2024 ni bure hata kwa biashara. Inaishi vizuri zaidi na Hyper-V na picha zake za 3D ni imara, kwa hiyo anayehitaji WSL2 na mashine pepe kwa pamoja tunamshauri huko. Ubaya wake ni kuipata: lazima ufungue akaunti kwa Broadcom, ujaze taarifa zako, utafute njia kwenye kurasa zisizoeleweka, na faili lenyewe ni zito kwa bando dogo. Hyper-V ya Windows ni imara pia, ila haimo kwenye toleo la Home.

Ukiamua kuhamia VMware, usihangaike na faili la .vdi. Zima mashine pepe, kwenye VirtualBox nenda File, Export Appliance, chagua OVF 1.0, upate faili moja la .ova. Lifungue kwa VMware. Italalamika kwamba faili halikidhi vigezo, bonyeza Retry, nayo italipokea. Ikishawaka, ondoa Guest Additions za VirtualBox ndani ya mgeni na uweke VMware Tools, au open-vm-tools kama ni Linux.